Siku Moja Kutoka Malindi: Watamu au Mambrui?

Wifi yangu wa Nakuru alinipigia simu wiki mbili kabla ya harusi ya Desemba. "Wifi, tunakuja Malindi siku nne, lakini tatu zimeshaliwa na harusi. Imebaki Jumamosi moja. Twende Watamu, ama huko Mambrui unakokusifia kila siku?" Alikuwa aje na kaka yangu, watoto watatu na mamake mzazi, mwanamke wa miaka sabini na ushei ambaye magoti yake hutangaza mvua kabla ya redio.

Nikamwambia anipe usiku mmoja. Mtu wa Malindi akiulizwa swali hilo hujibu kwa mazoea: mgeni wa bara mpeleke Watamu akaone samaki, basi. Mambrui hutajwa wakati wa maulidi au mazishi. Nami nikiri mapema usije ukanishtaki baadaye: nyanya yangu mzaa mama amezikwa Mambrui, kwa hiyo mizani yangu ina kidole juu yake. Hata hivyo nimewapeleka wageni pande zote mbili kwa miaka. Wako waliofurahi na wako walionuna, na walionuna ndio walionifunza zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Watamu utakuwa mteja. Mambrui utakuwa mgeni. Mteja hulipa, hudai, na akiudhika hulalamika. Mgeni haulizwi pesa, lakini hubanwa na adabu ambazo mteja hana habari nazo. Amua kwanza unataka kuwa nani siku hiyo, ndipo uanze kuuliza habari za mchanga na matumbawe.

Njia ya kusini, njia ya kaskazini

Ukisimama Malindi, Watamu iko kusini upande wa Mombasa, kilomita 20 na ushei. Mambrui iko kaskazini upande wa Garsen na Lamu, na haifiki kilomita 20. Kwa masafa hazina ugomvi.

Ya Watamu ni rahisi mno hata haina la kusimulia. Matatu za Malindi kwenda Watamu hazikauki tangu alfajiri. Zinashuka barabara ya Mombasa mpaka njia panda ya Gede, zinapinda kushoto kuelekea baharini, na baada ya muda si mrefu umeshushwa katikati ya mji. Ukitaka kuona magofu ya Gede unaomba kushushwa njiani, unatembea kidogo, umefika.

Mambrui hakuna aliyekutengenezea safari. Unapanda matatu ya Gongoni au Marereni, unamwambia makanga akushushe Mambrui, kisha kutoka barabara kuu unachukua boda mpaka ndani ya mji. Wengine hupatana na tuktuk kuanzia Malindi, jambo zuri kama hamzidi watatu. Tuktuk hubeba watu watatu kwa heshima na watano kwa kubanana, na magoti ya mama wa wifi yangu hayakuumbiwa kubanana.

Lakini njia ya Mambrui ina kitu ambacho ile ya kusini haina: daraja la Sabaki. Mwambie dereva apunguze mwendo. Mto huu ndio ule ule Athi unaoanzia upande wa Nairobi. Ukishaungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari tunauita Sabaki. Mvua ikinyesha bara, sisi huku tunaiona kwa rangi. Maji huja mekundu kama chai iliyozidi majani, yamebeba udongo wa mashamba ya watu ambao hawajui kwamba shamba lao sasa liko Malindi. Kwenye mlango wa mto hukaa viboko, na ndege wa maji kwa mamia, heroe wakiwemo misimu mingine. Watoto wakibahatika kuona masikio ya kiboko kutoka darajani, utasikia habari hiyo mpaka watakapooa.

Na daraja hilo ndilo linalotupeleka kwenye suala la bahari, maana Sabaki ndiyo mwamuzi.

Bahari, na nani mwenye maji safi

Wageni wengi huja Malindi wakidhani watakuta maji ya buluu kama ya kwenye kalenda. Wakisimama ufuoni mjini wanaona maji ya kahawia, wananiuliza kama kuna bomba limepasuka. Hakuna bomba, ni Sabaki. Msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi hivi, upepo na mkondo husukuma tope la mto kuja kusini, likatanda ghuba ya Malindi. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba, tope husukumwa upande wa pili, kaskazini, yaani upande wa Mambrui na kuendelea.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu maji tu, kesi imeisha kabla hakimu hajaketi. Watamu iko mbali na mlango wa mto, ina mwamba unaovunja mawimbi, na hifadhi yake ya bahari imelindwa tangu 1968, mwaka mmoja na ile ya Malindi. Ukiingia na boti ya kioo au ukavaa miwani ukazama, utaona matumbawe na samaki wa rangi ambazo fundi wa leso hajazifikiria. Mambrui hakuna hayo. Hapo maji matamu ya mto na tope havikuacha matumbawe yajenge ukuta, kwa hiyo mawimbi huja moja kwa moja kutoka bahari kuu. Ni bahari ya kutazama, ya kulowesha miguu, ya kusikiliza. Mtoto asiyejua kuogelea usimwachie mkono.

Ila Watamu ina sharti ambalo watu wa bara hawaambiwi: uende na saa ya maji, si saa ya mkononi. Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Mahali palipokuwa na bahari asubuhi, mchana pana watu wanatembea na ndoo wakitafuta pweza.

Nilijifunza hili kwa pesa zangu. Mwaka mmoja niliwapeleka wageni, tukafika tumechelewa, maji yameshajaa na upepo umeamka. Mwenye boti mmoja akatuhakikishia kwamba huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Tukalipa. Tukafika kwenye mwamba, maji marefu yametibuka, kupitia kile kioo tukaona kijani tupu, na kila nilipouliza samaki wako wapi aliniambia wamelala. Tulipotaka kurudi akasema bei ile ilikuwa ya kwenda. Sikumjibu. Ukiwa katikati ya maji huwezi kumwambia mtu nishushe hapa.

Basi shika hesabu hii, haijawahi kunidanganya. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji kwetu huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri mnamo saa kumi na kitu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ingawa hayajai sana wala hayakupwi sana. Kwa hiyo anayetaka kuona matumbawe na kutembea kwenye mafungu ya mchanga kati ya vile visiwa vya mawe vya Watamu, achague Jumamosi ya bamvua na afike mapema, saa mbili au saa tatu. Wazee wa Mambrui hawahitaji jedwali. Wanauliza tu, "Mwezi wa ngapi leo?" wakimaanisha tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Ukisema kumi na tano, wanajua bahari iko wapi kila saa ya siku hiyo.

Faida nyingine ya kwenda bamvua ni kwamba alasiri, maji yakijaa, unahamia Mida. Ni hori kubwa lililozungukwa na mikoko, liko nyuma ya Watamu upande wa Dabaso. Kuna daraja la mbao lililofungwa kwa kamba linalopita katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ndege wenyewe, hasa wakati wa kaskazi, ni wasafiri: wamekimbia baridi ya Ulaya na Siberia, wanakuja kula matope yetu. Daraja linayumba kidogo. Watoto hulipenda kwa sababu hiyo, na wazee hulikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Mambrui nayo ina mchanga. Nasema mchanga nikimaanisha vilima vya mchanga, vimepangana nyuma ya ufuo, na ufuo wenyewe mpana hata ukipiga kelele hasikii mtu. Jua likilala, mchanga ule hung'aa kana kwamba kuna mtu kanyunyizia vumbi la dhahabu. Ni chembe za madini tu. Mpwa wangu aliwahi kujaza chupa akaenda nayo shule, akawauzia wenzake.

Mawe ya kale

Hapa mizani inarudi katikati, na kwa kweli sijui niiachie upande gani.

Gede nakuhesabu pamoja na Watamu kwa sababu kuko njiani. Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ukakaliwa tangu karne ya 12 hivi mpaka ya 17, kisha watu wakahama na msitu ukaingia. Ukipita lango, joto linabaki barabarani. Miti imeota juu ya kuta, mizizi imekumbatia mihrabu. Kuna jumba la mfalme, Msikiti Mkuu, visima virefu, vyoo na mifereji ya maji ambayo mitaa yetu mingine leo ingeionea wivu. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba hapo kuanzia 1948, nyumba alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Ukiyasikia majina hayo unaanza kuwaona wenye nyumba. Nani alikuwa anakata nini na mkasi ule?

Kitu kinachonishangaza mimi kuhusu Gede ni ukimya wake. Wareno walifika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498, wakakaa hapa karibu karne nzima mpaka walipohamia Mombasa na kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Gede iko kama kilomita 15 tu kutoka Malindi. Hawakuandika hata neno moja juu yake. Mji wenye msikiti, jumba na ukuta, umekaa kule msituni, na jirani zake hawautaji. Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, na sasa kila mtu anautaja.

Ni ziara nzuri kwa mzee: ni tambarare, pana kivuli, mtu anaenda kwa mwendo wake. Fungeni mikoba tu. Kima wa Gede wana mikono myepesi kuliko ya makanga, na ndizi wanaiona hata ikiwa ndani ya fuko la karatasi.

Mambrui haina lango wala mtu wa kukukatia tiketi, ina watu wanaoishi juu ya historia yao na kuanika nguo juu yake. Kuna kaburi la mnara la zamani, na mnara wake ulipambwa kwa mabakuli ya kauri ya Uchina yaliyobandikwa ndani ya chokaa. Ulianguka zamani, vipande vikabaki pale pale chini, pamoja na makaburi mengine. Hakuna kioo kinachokutenga navyo. Utaona alama za mabakuli, duara baada ya duara, kama macho.

Mabakuli hayo si mapambo ya bahati mbaya. Malindi ilikuwa na habari na Uchina kabla Mreno hajajua njia: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, na mpaka leo watoto wetu hucheka wakifikiria nani alimfunga twiga kwenye jahazi. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking pamoja na wenzao wa Makavazi ya Taifa ya Kenya walichimba Mambrui, wakapata sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 mpaka 1424. Sarafu yenye tundu la mraba katikati. Kijiji kizima kilikwenda kutazama shimo. Mama yangu mdogo, ambaye amekaa Mambrui maisha yake yote, alisema, "Sisi twafukua choo kila mwaka, hatujapata hata senti."

Nikilazimishwa, kwa mtu anayependa kuelezwa na kusoma vibao, Gede haina mshindani. Kwa mtu anayependa kukaa na kufikiri, ni Mambrui. Hata hivyo kaburi la mnara pekee halijazi siku. Dakika ishirini, umemaliza. Siku ya Mambrui hujazwa na watu.

Adabu za mgeni

Na hapo ndipo wengi wa walionuna waliponunia.

Watamu imezoea wageni. Waitaliano wameishi hapo miaka mingi, na usishangae kijana wa Kigiriama akikusalimu kwa Kiitaliano akikuona una ngozi nyeupe kidogo au kofia kubwa. Ufuoni mabichiboi watakufuata: safari, boti, bangili, mkufu wa kauri, rafiki yangu. Ni kazi yao. Mpe jibu moja, "Asante, leo hapana", mwendo usipungue, ataenda kwa mwingine. Hakuna atakayeuliza umevaa nini. Hakuna atakayeuliza jina la babako pia.

Mambrui utaulizwa jina la babako. "Watoka wapi? Wa nani wewe? Watafuta nani?" Mtu wa Nairobi husikia hayo kama polisi. Si upekuzi, ni mlango unafunguliwa. Ukijibu vizuri umeshaingia. Mji ni wa Kiislamu, unajulikana kwa vyuo vya Kurani na kwa maulidi katika mwezi wa Mfunguo Sita, ambapo watu hufurika usipate pa kukanyaga. Kwa hiyo mwanamke ajifunge leso jozi, moja kiunoni na moja mabegani. Mwanamume asipite mitaani kifua wazi wala kaptula ya kuogelea. Pita kwenye baraza ukisalimu. Mzee mpe shikamoo yake hata kama kwenu mmeiacha. Makaburini usipande juu ya chochote, na kabla ya kutoa simu upige picha, omba. Watoto wa chuo usiwapige picha kabisa bila mwalimu wao kukubali.

Ijumaa mchana maduka hufungwa kwa swala, ni afadhali usiende siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani nenda alasiri tu, na usile mbele ya watu. Ukikaa mpaka futari utashindwa kuondoka kwa shibe.

Tena usiende mikono mitupu kama una mtu unayemjua. Sukari kilo mbili, majani ya chai, yatosha. Usiseme "nimewaletea msaada". Weka mezani, nyamaza.

Niliwahi kumpeleka mfanyakazi mwenzangu wa zamani ambaye alifika Mambrui akauliza, "Sasa hapa watu hufanya nini?" Nikamwonyesha baraza. Akangoja kitu kianze. Hakikuanza. Saa saba alikuwa ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu wa namna hiyo mpeleke Watamu, asubuhi na mapema, umwokoe yeye na ujiokoe mwenyewe.

Tumbo na mfuko

Chakula nitapita haraka maana njaa haina mjadala. Watamu kuna kila bei: pitsa na aiskrimu za Kitaliano kwa wenye nazo, na vibanda vya wali na samaki nyuma ya soko kwa sisi wengine. Lakini usirudi bila kupita Dabaso. Kikundi cha wenyeji kina mkahawa wa mbao uliosimama juu ya maji ya Mida, kati ya mikoko, na sambusa zao za kaa ni za kuapia. Mambrui hakuna mikahawa ya kukutajia. Kuna mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai jioni, madafu, na wali wa nazi kwa yeyote atakayekuita ndani. Asipokuita, beba chakula kutoka Malindi, maana mchana vibanda vingi hulala.

Pesa: Mambrui nauli ndiyo gharama karibu yote. Watamu vitu hujumlishana. Kiingilio cha Gede, kiingilio cha hifadhi ya bahari, boti, daraja la Mida, chakula, na watoto wakiona aiskrimu hesabu imeharibika. Viingilio vya serikali siku hizi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti mkononi, kwa hiyo uwe na simu yenye chaji, na mtu mzima abebe kitambulisho maana bei ya mwananchi na ya mgeni wa nje ni mbingu na ardhi. Boti mpatane bei ya kwenda na kurudi mkiwa bado mnakanyaga mchanga. Mimi sitaki kulisema tena. Na msiwarushie samaki mkate, hata mwenye boti akiwapa.

Kurudi, Watamu unaweza kuchelewa. Mambrui magari hupungua jua likishazama, utajikuta umesimama barabarani ukihesabu malori ya chumvi ya Gongoni. Toka kabla ya magharibi.

Sasa, wifi yangu

Nilifungua kalenda. Jumamosi yake ilikuwa mwezi kumi na tano, bamvua tupu. Watoto wa miaka sita, tisa na kumi na mbili, hawajawahi kuona samaki ambaye hajakaangwa. Hapo hapakuwa na la kufikiri, na nilimwambia waziwazi: kwa mara ya kwanza, na watoto, na siku moja tu, ni Watamu, hata kama nyanya yangu atanisikia huko alipo. Watoke Malindi saa kumi na mbili na nusu, boti saa mbili na nusu, watembee kwenye mchanga maji yakikupwa, wale, waende Mida maji yakirudi, Gede waione wakiwa njiani kurudi kama watoto bado wana miguu.

Akauliza kama hawawezi kuunganisha, Watamu asubuhi na Mambrui jioni. Wengi huuliza hivyo. Nikakataa. Moja iko kusini, nyingine kaskazini, katikati pana Malindi na foleni yake ya Jumamosi. Watamu ingekatizwa kabla ya Mida, na Mambrui ungefika umenuka chumvi, umechoka, unatazama saa. Huwezi kwenda kwa watu ukitazama saa.

Aliyebaki ni mamake. Asubuhi ile alitoka na kiti chake cha plastiki, akakaa kibarazani kwangu. "Boti nitaiona kwa picha. Nyinyi nendeni." Wifi akaanza kubembeleza, nikamkonyeza. Walipoondoka nikamwuliza mama kama angependa kunisindikiza kwa mama yangu mdogo, ni karibu, kuna tuktuk, tutakuwa wawili tu. Akauliza kule kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Akasimama.

Darajani tulisimamisha tuktuk, akatazama mto kwa muda mrefu. Alikulia Machakos kabla ya kuolewa Nakuru. "Haya ni maji ya kwetu," akasema, na hakuongeza neno mpaka Mambrui.

"Karibu mkwe wangu, keti," mama mdogo akamwambia, wala hakusubiri nimtambulishe. Walianza na magoti. Mama mdogo naye ana yake. Likaletwa chupa la mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, magoti manne yakapakwa, na mazungumzo yakapanda kutoka magotini mpaka kwa wakwe, bei ya unga, na wana wasiopiga simu. Mimi nilikwenda kuona kaburi la nyanya, nikapita kwenye mnara, nikarudi, hawajanikumbuka. Bahari hakuiona kabisa yule mama. Tuliisikia tu tulipokuwa tunakula.

Jioni tulikutana Malindi na wale wa Watamu. Watoto walikuwa wamebabuka pua, wanasema wote kwa pamoja, kasa, kaa, kima aliyeiba biskuti. Yule wa kati akaacha ghafla akamshika nyanyake upande wa leso mpya aliyojifunga, ya maua mekundu.

"Nyanya, hii umenunua pesa ngapi?"

Mama wa watu akamtazama, akaikaza kiunoni, akaniuliza mimi kama kuna matatu ya Mambrui siku ya Jumapili.